Kilo Nane za Malalamiko

Vifuko vya karatasi vilikuwa kumi na saba. Mpelelezi alivipanga mezani kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayeogopa kuumwa, na viwili bado vilikuwa na karanga ndani. Mama Karanga alivitambua vyote. Vyenye ncha kali chini alivikunja yeye. Vilivyolegea ni vya binti yake, ambaye tangu utotoni hakuwa na subira ya kukaza.

"Hii kazi yako?"

"Yangu na ya mwanangu."

"Mwanao tunaye."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja. Nimemletea pampu yake ya pumu, maana akibanwa kifua—"

"Usiniite mwanangu. Hapa ni ofisini."

"Samahani, afande."

Pampu ilikuwa pale mezani, imefungwa kwenye leso, kando ya kidau cha muhuri. Juzi kaunta walimwambia wanapokea chakula tu. Jana alikwenda na chakula, wakamwambia hawapokei kitu. Leo, siku ya tatu, wamemwita wenyewe.

Mpelelezi aliinua kifuko kimoja, akakizungusha mbele ya macho yake.

"Kwa nini maandishi yako nje?"

Hakuelewa swali.

"Karatasi ina pande mbili, mama. Upande huu mtupu, upande huu umeandikwa. Ungeweza kukunja maandishi yakaingia ndani, nani angeyaona? Lakini vyote kumi na saba, maandishi nje. Nani alikuelekeza?"

"Hakuna aliyenielekeza. Ni wino, afande. Karanga ikiwa bado na joto, na ile chumvi ina unyevu wake, wino unahamia. Mteja anakula wino. Nauza mwaka wa kumi na tisa huu, tangu nifiwe na mume wangu, na sijamlisha mtu wino hata siku moja. Binti naye nimemfundisha hivyo hivyo."

Mpelelezi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti: "'Mtuhumiwa amekiri kwamba maandishi yaliwekwa nje kwa makusudi.' Kweli au si kweli?"

Mama Karanga alifikiri. Hakupenda kusema uongo, hata mdogo.

"Makusudi ni kweli. Lakini—"

"Lakini haina nafasi kwenye fomu."

Mambo yenyewe yalianzia zahanati. Asubuhi ya juzi binti alikwenda na sinia lake la karanga kama kawaida, akaanza kupita kwenye benchi la wagonjwa. Bibi mmoja aliyesahau miwani nyumbani alinunua kifuko, akakigeuzageuza. "Hebu nisomee, mjukuu wangu. Isije ikawa ni hati ya shamba la watu."

Binti akamsomea. *Sisi wagonjwa wa zahanati hii tunaomba kujua ile mashine ya eksirei iliyofunikwa shuka tangu mwaka juzi itafunuliwa lini.* Chini kulikuwa na alama za dole gumba, thelathini na mbili, na muhuri wa bluu: IMEPOKELEWA.

"Hiyo niliitia dole mimi!" Mwanamume mmoja mwenye mkono uliofungwa kwa kitambaa shingoni alisimama. "Mwaka jana! Nilipovunjika mkono ule mwingine!"

Benchi zima lilicheka.

"Basi jibu lako limefika, kaka," mwingine akamwambia. "Limekuja na karanga."

Wakacheka tena. Halafu mama mmoja aliyekuwa amekwisha kula zake akakifungua kifuko, akakinyoosha gotini, akaanza kusoma. Aliye pembeni yake akafungua chake. Kicheko kikapungua, kikaisha. Kila mmoja alikuwa anasoma au anasomewa. Kisima kilichofukiwa. Mtoto aliyegongwa na gari la mkubwa. Mwalimu wa darasa la tatu asiyeonekana tangu muhula wa kwanza. Nusu saa baadaye benchi lote lilikuwa limesimama mbele ya mlango wa mganga mkuu, watu na vifuko vyao mikononi. Hakuna aliyeshika jiwe, hakuna aliyeshika fimbo. Mganga mkuu akaondoka kwa mlango wa nyuma. Gari la polisi lilipokuja, halikumchukua aliyebisha hodi wala aliyepaza sauti. Lilimchukua mwenye sinia.

Sasa kosa liliandikwa juu ya fomu kwa herufi kubwa, na Mama Karanga alilisoma taratibu kwa kufuata kidole: KUSAMBAZA NYARAKA KWA LENGO LA KUHUJUMU SERIKALI NA KUVURUGA UTULIVU WA JAMII. Neno la kuhujumu alilirudia mara mbili. Alikuwa akilisikia redioni, likitajwa pamoja na watu wenye bunduki.

"Karatasi umezipata wapi?"

"Kwa tarishi wa masijala yenu hapa. Ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Waliambiwa wasafishe chumba, barua zimejaa mpaka dirishani, wakawa wanaziuza kama karatasi chakavu. Akanipimia kilo nane."

Kalamu haikusogea.

"Sijasikia."

Akarudia, kwa sauti zaidi, akidhani kelele za feni ndizo zilizomzuia.

"Mama, sikiliza vizuri. Ofisi ya serikali haiuzi barua za wananchi. Barua za wananchi zinashughulikiwa. Ukisema zimeuzwa kwa kilo, hiyo ni kashfa, ni kosa la pili. Niandike?"

Mlango ukafunguliwa, akaingia tarishi mwenyewe na faili kifuani. Mama Karanga aliinuka nusu kwenye kiti. Mungu huyu, alijisemea, hachelewi.

"Shemeji! Afadhali umekuja. Mwambie afande zile karatasi—"

Tarishi aliweka faili mezani kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa kwenye kalenda ya ukutani.

"Faili uliloomba, afande."

"Unamfahamu mama huyu?"

"Namwona-mwona tu. Si anauza karanga hapo getini?"

Jumapili shemeji huyu alikula kwake. Aliongezwa mara mbili, akasifu mchuzi, akamtania binti kwamba hatapata mchumba kama hajui kukunja karatasi. Sasa akatoka ofisini. Kisigino cha kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinapiga kofi sakafuni. Mama Karanga alishamwambia akipeleke kwa fundi.

"Tuyaache ya tarishi," mpelelezi alisema, akafungua faili. "Nataka uangalie kitu. Kati ya hizi kumi na saba, kumi na moja zina mwandiko mmoja. Umeuona?"

Alikuwa ameuona tangu alipoingia. Herufi zilizolalia kulia, mikia yake imekunjwa kwa adabu. Mwandiko wa Mwalimu Mstaafu, aliyekuwa akikaa kila asubuhi kwenye benchi la nje ya masijala, ubao magotini, akiwaandikia wasiojua kuandika. Alimfundisha Mama Karanga darasa la pili, enzi hizo akiwa kijana mwenye nywele nyeusi. Hakutaka kitu kwa mtu, ila kifuko kimoja cha karanga, na hicho alikipokea kwa kulazimishwa.

"Huyu ndiye kiongozi wenu."

"Huyo anaandikia watu barua, afande. Mtu anamweleza shida, yeye anaandika, mwenye barua anaipeleka dirishani hapo hapo kwenu. Si muhuri huu hapa? Ninyi ndio mmeupiga."

"Mitaa kumi na moja tofauti. Shida kumi na moja tofauti. Mwandiko mmoja." Mpelelezi aliegemea kiti. "Sisi hiyo tunaiita mtandao."

Akasukuma mbele karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba Mwalimu alimpa gunia la nyaraka na kumwagiza azikunje maandishi yakiwa nje, ili umma usome na kuichukia serikali yake. Chini kulikuwa na mstari wa nukta na jina lake.

"Weka sahihi hapo, binti anatoka. Usipoweka, kesho anasimama kizimbani na hii ya makusudi uliyokiri kwa mdomo wako mwenyewe."

Hapo ndipo aliposikia kikohozi. Kilitoka ng'ambo ya ukuta, kikavu, cha mara tatu, kikifuatiwa na ile sauti ya kuvuta pumzi kama mlango uliokosa mafuta. Angekitambua kikohozi kile sokoni katikati ya watu mia. Mpelelezi naye alikisikia. Alichukua kifuko kimojawapo chenye karanga, akamimina kiganjani, akangoja.

"Afande, nipe dakika moja nisali."

"Sali. Usifumbe macho sana tu, nina foleni."

Alifumba. Sala alizozijua kwa moyo, za asubuhi na za jioni, za msiba na za shukrani, zote zilimkimbia. Alibaki na Ee Mola, Ee Mola, na katikati yake kikohozi. Alipofumbua, kalamu ilikuwa imeshawekwa mbele yake.

Aliandika jina lake polepole kwa herufi zilizolalia kulia, mikia imekunjwa.

"Vizuri," mpelelezi alisema, akitafuna. "Atatoka mkubwa akishasaini. Mkubwa yuko safarini."

"Umesema anatoka!"

"Si nimekwambia anatoka? Nilitaja saa mimi?"

"Basi mpeni pampu, afande. Hiyo tu. Nitarudi hata kila siku."

"Dawa ina taratibu zake. Andika barua ya maombi, ipeleke masijala, ikapigwe muhuri." Alimrudishia leso na kilichomo ndani yake, akajipangusa chumvi mikononi. "Na karanga zako, mama, siku nyingine ongeza moto kidogo. Hizi mbichi."

Nje jua lilikuwa utosini. Kwenye benchi la masijala walikaa watu sita na karatasi zao. Mahali pa Mwalimu, mwisho kabisa karibu na ukuta, hapakuwa na mtu. Palikuwa na ubao wake, na juu ya ubao kalamu, kifuniko kimewekwa vizuri. Hakuna aliyethubutu kupakalia.

"Mwalimu kaitwa ndani mara moja," kijana wa kike mwenye mtoto mgongoni alimweleza kabla hajauliza. "Tangu asubuhi, saa mbili hivi. Walikuja wawili. Kasema tumngoje, anarudi sasa hivi."

Saa mbili. Yeye aliitwa saa tano.

"Keti, mama yetu, foleni inaishia kwako." Wakasogea, kila mmoja kidogo, mpaka nafasi ikapatikana. Mzee mmoja alichana ukurasa katikati ya daftari lake, akampa. "Najua hukuja na karatasi. Kwani wewe unalalamikia nini?"

Mama Karanga aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza kwa mazoea, atazame upande ulioandikwa uko wapi, ili auweke nje. Pande zote mbili zilikuwa tupu. Akaiweka gotini chini ya leso, akakaa, macho kwenye ule ubao, huku wale sita wakimtazama na kungoja aseme.