Tarehe Chini ya Mfuniko

Mashine ya kuranda mbao niliihamisha mchana kweupe, maana mtu akihamisha kitu usiku hudhaniwa mwizi. Na mwizi nilikuwa kweli, ila nilikuwa naiba cha kwangu mwenyewe.

Nikaibana kwenye stoo ya dada yangu, mshonaji, kati ya majora ya vitambaa na cherehani mbovu. Halafu tukaandikiana karatasi kwamba aliinunua kwangu miaka mitatu iliyopita. Dada amenizidi miaka tisa, na mama alipofariki ndiye aliyenilea. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Mdogo wangu, tarehe hii ya uongo."

"Najua, dada. Lakini wanaonidai wakichukua na hii, nitaranda mbao kwa meno?"

Akacheka kidogo, akatia sahihi.

Wiki iliyofuata nikaenda mahakamani kutangaza kwamba nimefilisika. Karani akanisomea swali polepole: katika miaka miwili iliyopita, umempa ndugu au rafiki mali yako yoyote? Nikajibu hapana, tena kwa sauti ya mtu mwenye haki. Akaandika, kisha akainua macho.

"Ukificha ni jela, fundi. Na aliyekusaidia kuficha, jela vilevile."

Usingizi ukaniaga siku hiyo. Jela yangu ningeivumilia, nimezoea kulala chini. Lakini dada ana presha, na magoti yake hayampandishi hata ngazi. Kila pikipiki iliyosimama nje ya nyumba niliona imekuja kumchukua.

Mwishowe akaja mfilisi, mama mmoja mpole aliyetumwa kukagua mali zangu. Alizunguka karakana tupu, akasimama kwenye sakafu palipobaki matundu manne ya boliti.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Mashine ya kuranda. Nilimuuzia dada zamani."

"Twende tukaione."

Tulikwenda kwa miguu, na njiani ndipo nilipokumbuka. Baba, seremala kabla yangu, alinifundisha kwamba kila ukiitia mashine mafuta uandike tarehe kwa penseli chini ya mfuniko. "Mashine haina kinywa," alikuwa akisema, "iandikie." Nami nimeandika miaka yote, mpaka mwezi uliopita. Nilikwangua jina langu ubavuni, nikabadilisha mkanda, nikafuta vumbi, na pale sikugusa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebaki mitaa miwili.

Dada akatufungulia stoo, na mfilisi akatafuta namba ya kiwanda. Akafungua mfuniko. Akasoma kwa kidole.

"Nani anaandika hapa? Ya mwisho ni ya mwezi jana."

Dada ndiye aliyejibu.

"Mimi. Naitia mafuta isishike kutu."

"Mshonaji?"

"Hata cherehani hunywa mafuta, mwanangu."

Mfilisi akampa penseli na kipande cha karatasi. "Niandikie tarehe ya leo."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, dada alikuwa amemaliza. Saba yake ilikuwa na mstari kiunoni, nne yake imeachwa wazi juu. Zangu ni hivyo hivyo. Ningekuwaje na nyingine? Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa mkaa sakafuni, kabla sijaanza shule.

Mfilisi akalinganisha, akafunga mfuniko. "Sawa, mama."

Nikashusha pumzi ya siku nyingi. Tumepona, nikajisemea. Ndipo akatoa karatasi nyingine mkobani.

"Hiki ni kiapo kwamba uliyosema ni kweli. Weka sahihi hapa chini."

Dada akavaa miwani. Hakunitazama. Akaishika kalamu.

"Niandike majina yote matatu?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza sindano atachomwa wapi.

Hofu niliyoisikia hapo haikuwa ile ya pikipiki; ilikuwa ya kumwona dada akiapa uongo kwa ajili yangu. Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi.

"Usiandike, dada. Mama mfilisi, tarehe zote hizo ni zangu. Mashine ni yangu. Na ile karatasi ya mauzo niliitunga mimi."

Dada akanichapa mkononi kwa nguvu, kama alivyokuwa akinichapa nilipokosea herufi.

"Ondoa mkono," akasema, machozi yakimtoka.

Kalamu hakuiachia, nami nikawa naivuta.