Marehemu wa Kalenda

"Nnyabo, mama, hawa wateja wako wa leo mbona hawana miguu?" Lubowa, mkata karatasi wa duka la jirani, aliwahi kumuuliza Nabweteme hivyo, akiwa amesimama mlangoni na sahani yake ya katogo, ndizi na matumbo.

"Picha zao ziliishia kifuani," Nabweteme alimjibu, akaendelea kufagia.

Lubowa akaona ni kweli, akarudi kwenye karatasi zake.

Nabweteme alikuwa akisanifu kalenda za kumbukumbu za marehemu pale Nasser Road, Kampala. Programu ya kompyuta aliyoitumia haikuwa yake. Aliikodi, na kodi ililipwa kila mwezi. Kodi ikichelewa, kazi zote alizowahi kufanya zilifungwa, na marehemu walitoka kwenye kalenda zilizotundikwa majumbani mwa watu, wakaja kuketi kwenye benchi lake. Wanaume na makoti na tai, wanawake na gomesi zilizochongoka mabegani, wote kuanzia kifuani kwenda juu. Hawakuomba hata maji. Akilipa, walirudi makwao, na wenye adabu waliaga kwa kichwa.

Mwaka huo kodi ilipanda tena, Nabweteme akachoka. Akaacha kulipa, akanunua programu nyingine, ile ya kulipia mara moja ikawa yako mpaka uzeeni. Akaipigia ishara ya msalaba, akaiwasha. Marehemu wapya aliowasanifu humo walitulia ukutani kama watu waliofika kwao.

Wale wa zamani walibaki kwenye benchi.

Alhamisi akaja Nnalongo, mjane mwenye mapacha, na kalenda iliyobaki maua na tarehe tu.

"Nimemfuata Ssalongo wangu, baba wa mapacha."

"Yule pale, karibu na dirisha."

Nnalongo akamfuta mumewe vumbi begani kwa pindo la gomesi. "Hata nyumbani hukukaa hivi, mzee," akamwambia. Kisha akamgeukia Nabweteme. "Mrudishe."

Nabweteme alijaribu. Programu mpya ilisoma kazi ya zamani kwa kubabaisha: tai ikapanda kidevuni, jicho moja likahama, tabasamu likawa la mtu mwingine. Akachapa, akamkabidhi.

"Huyu ni nani?"

"Si Ssalongo?"

"Nimelala naye tangu usichana wangu. Usinifundishe sura yake."

"Basi niletee ile picha yenyewe, nianze upya."

"Nilimzika nayo. Nilimwekea kifuani, nikasema kwako yumo, hapotei."

Kwenye benchi, Ssalongo aliinamisha macho.

"Mimi kodi nimeachana nayo, Nnalongo. Sasa nina yangu."

"Yako nzuri, mwanangu. Ila wangu hayumo."

Nabweteme akatazama benchi. Wote walikuwa wakimtazama yeye, kwa upole, kama watu wa foleni. Akachukua simu, akalipa kodi ya zamani. Benchi likawa wazi. Ssalongo akarudi kwenye kalenda, tai imenyooka. Programu mpya nayo ilibaki ikiwaka kwenye kompyuta, haidai chochote.

Nnalongo alimkagua mumewe kwa muda mrefu. Akaiviringisha kalenda taratibu, asimkunje shingo.

"Na wewe ukifa," akauliza, "nani atawalipia hawa?"

Mjane akatia kalenda kwapani, akatoka.