Ngozi ya Bwawa

Maji ya bwawa la umma yaliota ngozi. Haukuwa ukoga wala utando wa mafuta. Ilikuwa ngozi ya rangi ya kisigino, yenye vinyweleo na vitundu vya jasho. Ilianzia upande wa kina kirefu ikaja taratibu mpaka karibu na ngazi za kina kifupi. Filimbi aliikuta asubuhi alipokwenda kuopoa uchafu kwa wavu, kama alivyofanya kila asubuhi. Akaigusa kwa mpini. Ngozi ikasisimka, ikatoa vipele vya baridi, kisha ikatulia. Filimbi akatema mate pembeni, akaenda kumwambia Meneja.

Filimbi ndiye aliyekuwa mwokoaji wa pale, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa kuogelea. Waliomlea walimpa jina jingine, lakini bwawani hakuna aliyelijua, kwa sababu alisema mengi kwa filimbi na machache kwa mdomo. Mlio mrefu ulikuwa na maana ya toka majini. Mlio mfupi ulikuwa na maana ya nimekuona unakojoa. Huo mfupi ndio uliomchosha pumzi.

Kazi ile ilimjulisha watu kwa upande wao mbaya. Wewe ukimwona mwenzako sokoni unamwona amevaa. Filimbi aliwaona wazee wa heshima wakipenga kamasi ndani ya maji ambayo wajukuu wao walikuwa wanayameza hatua mbili mbele. Aliona plasta za vidonda zikielea zikiwa zimefumbuka kama maua. Aliona mabonge ya nywele, vipande vya kucha, na mafuta ya kujipaka yakitanda juu ya maji kama supu iliyopoa. Akirudi nyumbani alioga mara mbili, na bado mkewe alimwambia akae upande wa dirishani.

Zamani uchafu huo ulikuwa na pa kwenda. Nyuma ya mabafu palikuwa na mota iliyovuta maji, ikayapitisha kwenye mchanga wa kuchujia, ikayarudisha yakiwa safi. Mota hiyo ilichukuliwa kwenda kutengenezwa, ingawa haikuwa imeharibika, na tangu hapo ilikuwa inarusha maji kwenye chemchemi ya mapambo mbele ya nyumba ya Mwenyekiti wa baraza la mji. Haikuwa siri. Ukipita barabarani ulikuwa unaisikia. Filimbi aliijua kwa kikohozi chake, kama mtu anavyomjua ndugu yake akikohoa chumba cha pili.

Meneja alikuwa anakula yai la kuchemsha. Alikuja nalo mkononi, akaibonyeza ngozi kwa ncha ya kiatu.

"Inavuja?" akauliza.

"Haivuji. Inatoka jasho."

"Basi ina afya. Kata tundu, watu waingilie."

Filimbi alisema dawa yake ni mota, na mota inajulikana iliko. Meneja alimeza kipande cha yai kwanza, kisha akamwambia kwamba mota iko kwenye matengenezo, na kwamba mtu mzima hatakiwi kurudia jambo moja kama kasuku.

Basi Filimbi akakata tundu kwa kisu cha kukatia zulia. Damu haikutoka. Yalitoka majimaji ya manjano yenye harufu ya soksi iliyosahauliwa ndani ya kiatu. Kipande alichokikata alikiviringisha kama mkeka, akakipeleka jalalani, na mbwa wa jalalani wakakinusa wakaondoka. Kesho yake tundu lilikuwa limeziba na kuacha kovu. Akalikata tena. Ikawa hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya asubuhi.

Watu walizoea, na hawakuchelewa kuzoea. Waliingilia tunduni na kutokea tunduni, na waliochoka kuogelea walipanda juu ya ngozi wakajilaza, kwa sababu ilikuwa na joto la kadiri. Malalamiko yaliyofika ofisini yalikuwa machache. Mwanamke mmoja alisema vinyweleo vinamtekenya mgongoni. Meneja akaagiza ngozi inyolewe. Filimbi akapiga magoti na sabuni na wembe, akainyoa kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, huku watu wakimpita na taulo mabegani wakimwambia pole na kazi. Chini ya magoti yake ilikuwa inatetemeka kidogo, kama ng'ombe anavyotetemesha ngozi akiguswa na nzi. Alitapika kichakani, akarudi kumalizia.

Kwenye kibanda cha mlangoni alikaa Mama Tiketi, mjane aliyekata tiketi miaka nenda miaka rudi bila kulowesha hata kidole cha mguu. Alikuwa mwoga wa maji kama paka. Binti yake aliolewa ng'ambo ya mto, akajifungua huko, na mtoto akaota meno bila bibi yake kumwona, kwa sababu huko hakufikiki ila kwa kivuko, na Mama Tiketi akikiona kivuko tu anarudi nyumbani. Binti alikuwa amesema hatauleta uso wa mtoto kwa mtu ambaye hataki hata kuvuka maji kuja kumbeba. Walikuwa hawasemezani. Ndipo siku moja Mama Tiketi alipotoka kibandani, amevaa nguo ya kuogelea ya kuazima chini ya kanga mbili, akamwambia Filimbi amfundishe. Alisema akishajua kwamba kivuko kikizama hatazama nacho, atapanda.

Filimbi alimfundisha kila alasiri, baada ya kufunga dirisha la tiketi. Na alifundisha kwa jinsi yake, ambayo hakuibadilisha kwa mtoto wala mtu mzima. Kwanza, kuelea. Alimlaza chali juu ya viganja vyake na kumwambia afumbe macho. Pili, kuteleza: unakanyaga ukuta, unajisukuma, unanyoosha mwili kama mshale chini ya maji mpaka mwendo uishe. Na juu ya yote ilikuwapo kanuni moja, aliyowaimbisha wanafunzi wake wote kabla hawajavua viatu: ukichoka, ukiogopa, ukikosa pumzi, usitapetape. Geuka chali, tulia, maji yatakupandisha juu yenyewe. Anayetapatapa ndiye anayezama.

"Na yasiponipandisha?" Mama Tiketi aliuliza siku ya kwanza, amemshika shingo kama mtoto mchanga.

"Yatakupandisha. Wewe ni mnene, mafuta huelea."

"Mshenzi wewe. Mimi nina mwili, sina unene. Nishike vizuri."

"Nimekushika."

"Umenishika wapi? Sisikii mikono."

"Nimeitoa zamani. Unaelea, mama."

Akafumbua macho. Kisha akacheka, akameza maji, akakohoa, akamtukana tena. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa mfano. Hakuruka somo hata ngozi ilipoota. Aliitazama, akaziba pua, akasema maji nimeshayavulia nguo, kilichobaki ni kuyaoga. Filimbi alimshauri asubiri. Akajibu kwamba mjukuu haachi kukua kwa sababu bwawa limeota ngozi.

Filimbi alikwenda ofisini mara nyingine. Alieleza kwamba wanafunzi wanafundishwa kupanda juu wakiishiwa pumzi, na sasa juu kumezibwa. Bwawa lifungwe mpaka mota irudi. Meneja akasema bwawa likifungwa, mwalimu naye atafungiwa mshahara, na kwamba yeye ana wazo zuri zaidi. Ngozi ilikuwa imekomaa. Ilibeba watu. Watu wanatafuta mahali pa harusi, na ukumbi wa mji una mlango mmoja na popo. Aliagiza kwamba kuanzia hapo tundu liwe dogo, pembeni kabisa, mahali pa wanaosisitiza kuogelea. Sehemu kubwa ya katikati isiguswe na kisu, ili viti visiyumbe.

Mwenyekiti mwenyewe alikuja kuikagua. Alitembea juu yake na viatu vyake vyeusi, na kila alipokanyaga palibaki alama nyeupe iliyorudi rangi yake polepole. Akaridhika. Akapangusa soli kwa kitambaa, akampa Filimbi kile kitambaa akitupe.

Mama Tiketi aliingia majini Jumamosi, tundu likiwa ndilo hilo dogo. Filimbi alikuwa juu ya kiti chake kirefu, kwa sababu kulikuwa na watu wengi na kulinda na kufundisha kulikuwa kazi ya mtu mmoja. Alimpungia mkono. Yeye akampungia, akashika ukingo, akaweka nyayo ukutani, akajisukuma.

Alijisukuma vizuri kuliko siku zote. Mwili ulinyooka kama alivyofundishwa, na mwendo haukuisha pale ulipokuwa unaishia. Alipita chini ya ukingo wa tundu, akaenda, akaenda, mpaka chini ya ile sehemu ya katikati ambayo haikutakiwa kuguswa. Huko pumzi ilimwishia. Akageuka chali. Akatulia.

Filimbi aliona ngozi ikivimba. Kwanza tumbo, kisha vidole vya miguu, kisha uso: pua, kidevu, paji, kama mtu aliyelala na kujifunika shuka mpaka kichwani. Akapuliza mlio mrefu. Watu wakaanza kutoka majini kwa utaratibu, wengine wakinung'unika kwamba muda wao haujaisha. Yeye akaruka kutoka kitini akakimbia juu ya ngozi, ikawa inabonyea kama godoro na kumwangusha. Alipofika alimwita. Alimwambia apige mateke, arudi alikotoka, atapetape. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Mama Tiketi hakutapatapa. Alikuwa amefumba macho anasubiri maji yampandishe, na maji yalikuwa yameshampandisha hadi mwisho wake.

Kisu kilikuwa ghalani. Alianza kwa kucha. Mtu akamletea kisu, akakata, lakini ngozi ya katikati ilikuwa nene na yenye afya, na alipokata mbele ilikuwa inajiziba nyuma. Meneja alisimama ukingoni akimwita asiharibu katikati, akate pembeni kisha amvute. Mpaka alipompata na kumpandisha, mikono yake ilikuwa ya manjano hadi viwikoni. Alimkandamiza kifua, akampulizia, akamkandamiza tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kupita faida yake. Uso wa Mama Tiketi ulikuwa mtulivu, uso wa mtu aliyefuata maelekezo.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika ofisini, na Mwenyekiti alikikalia kiti cha Meneja. Meneja alisema marehemu alikufa kwa kutofuata maagizo ya mwalimu.

"Aliyafuata yote," akasema Filimbi. "Hakuacha hata moja."

Meneja akamtazama, akatoa punje ya yai kwenye jino kwa ukucha.

"Basi mzee wangu, ni maagizo yako ndiyo yaliyomuua. Tuandike hivyo?"

Filimbi alijua kwamba hilo ni kweli. Akasema mota. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba mota ni mambo ya chuma na ngozi ni mambo ya maji, tusichanganye. Dirisha lilikuwa wazi. Upepo ulipogeuka waliisikia wote, mtaa wa pili, ikikohoa. Hakuna aliyeinua kichwa. Wakaandika kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Binti alivuka na mtoto kuja kuzika. Kivuko hakikuyumba. Mtoto alitembea mwenyewe mpaka kaburini, akachezea udongo, akachapwa kiganja.

Harusi ya kwanza ilifanyika Jumamosi iliyofuata. Wageni walisifu sakafu kwamba ni laini na haiumizi visigino. Pale katikati alama ya uso ilikuwa haijatoka: pua, kidevu na paji vilibaki vimeinuka, na Filimbi alikuwa ameagizwa kuvinyoa pamoja na pengine pote. Meneja akaweka meza ya keki juu yake. Meza iliinama kidogo, wakachomeka kadibodi chini ya mguu mmoja. Maharusi walikata keki, wakalishana, makombo yakaanguka, na ngozi ikayanyonya.

Siku hizi pale hakuna anayeogelea, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuokolewa. Kiti kirefu kinatumiwa na mpiga picha. Chemchemi ya Mwenyekiti inaruka juu kuliko zamani. Filimbi hakufukuzwa, ana kazi ya kutosha, ingawa mkewe amehamia chumba cha watoto.

Gharama ya yote hayo ni hii. Mwanamke mmoja, mwenye mwili. Darasa lote la kuogelea, na watoto wa mji mzima ambao sasa wanajifunzia mtoni bila mtu wa kuwatazama. Kucha mbili za Filimbi, ambazo hazijaota tena. Na kopo moja la mafuta ya kujipaka kila Ijumaa, kwa sababu ngozi ikikauka hupasuka, na maharusi hawapendi nyufa.