Sikio la Nondo

Giza lilikuwa linaanza kuingia Kigera. Barazani kwake, Marcelina alitikisa funguo karibu na chemli. Nondo wawili waliokuwa wakizunguka taa walikunja mabawa, wakaanguka sakafuni kama vipande vya karatasi. Jeska, bintiye wa miaka mitano, alikuwa amempa mgongo akichezea vifuniko vya soda. Hakugeuka.

Marcelina alitikisa tena. Mtoto akaendelea kupanga vifuniko.

"Wanaangukia nini hao?" aliuliza Mwanaamina, jirani mshona nguo, aliyekuja kumjulia hali mtoto.

"Wanasikia. Funguo zina mlio mwembamba kama wa popo, na popo ndiye anayewala. Mababu zao walikuwa viziwi, wana kamshipa tu ka kuhisi mwili unavyocheza. Waliohisi na mlio kidogo walipona wakazaa, wengine wakaliwa. Vizazi na vizazi, kamshipa kakawa sikio. Wengine lipo kifuani, wengine tumboni."

"Mwalimu, hata mtoto akiugua unafundisha." Mwanaamina alicheka. "Huyo kachoka na homa. Wangu alikuwaga hivyohivyo, unamwita anatazama ukuta."

"Hajachoka. Nimemzidishia kwinini. Ikizidi huua masikio, au huyafanya yalie yenyewe."

Kicheko kilikatika.

Ulikuwa mwaka themanini na sita. Sabuni na khanga zilishaanza kurudi madukani, dawa, bado. Vidonge Marcelina alivipata kwa mchuuzi wa mtaa wa Mukendo, havina hata karatasi ya maelezo, akavikata kwa kisu cha jikoni na kukadiria kwa macho. Yeye, mwenye diploma.

"Baba yake anajua?"

"Yuko msibani Butiama. Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari, na nitasema nilichofanya."

"Mwite kwanza, Mama Jeska."

"Jeska!"

Vifuniko viligongana. Mtoto hakuinua kichwa.

Akili ya Marcelina haikusimama. Sikio la nondo hudaka mlio mwembamba, mnene likauacha. Huenda la mtoto limepoteza ule mwembamba tu. Akaishusha sauti mpaka kifuani, nzito, ya kiume.

"Jeska."

Mtoto aligeuka.

"Mama, mbona unaongea kama baba?"

Mwanaamina alishusha pumzi. Marcelina alimvuta mtoto mapajani.

"Mwambie aache," Jeska alisema, akiziba masikio.

"Nani, mwanangu?" Marcelina aliuliza kwa sauti ileile nzito.

"Anayepiga filimbi."

Wanawake wale wawili walitazamana. Hakuna aliyekuwa akipiga filimbi.