Siku Shevroleti Iliposhushwa Kwenye Mawe

Gari lile lilikaa juu ya mawe miaka minane, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuliogopa. Nilianza kuliogopa Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwaka 1972, mwanangu Jethro alipozungusha handeli mara tatu likanguruma. Nilikuwa jikoni nachambua chinsaga. Ungo ulinitoka mikononi, mboga zikamwagika jivuni.

Mume wangu Ongeri alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye shamba la chai kule Sotik. Baada ya Uhuru, Wazungu walipofunga mizigo, waliacha vyuma vingi nyuma ya mabanda yao, na Ongeri akawa anavikokota nyumbani kimoja kimoja, kwa ng'ombe na kwa trekta za kuazima. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya kutoka Kisii mjini kwenda Suneka, juu kabisa, pale ambapo mteremko unaanza. Akajenga banda refu la mabati. Akapanga magari manne na pikipiki moja, vyote vikitazama barabara. Akachukua ubao akaandika kwa rangi nyeupe: MAKUMBUSHO YA MAGARI. MSAFIRI KARIBU. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Kila chuma ni chake cha asili.

Majirani walicheka sana. "Ongeri anafuga vyuma," walisema. "Vitazaa lini?" Lakini wasafiri walianza kusimama. Walimu waliokuwa wakienda Migori, masista wa Kikatoliki, Wahindi na watoto wao, hata bwana harusi mmoja aliyechelewa kanisani kwa sababu alitaka kwanza kupiga honi ya Ostin. Kazi yangu ilikuwa kuwapa maji ya kunawa vumbi, chai na ndizi mbivu, na Ongeri asipokuwepo niliwaeleza habari za kila gari. Ostin ndogo ya kijani ilikuwa ya daktari wa meno. Bedfodi ilibeba majani ya chai mpaka mgongo ukapinda. Landrova haikuwa na injini, na kuku wangu mwekundu alitagia pale injini ilipokuwa. Pikipiki yenye kiti cha pembeni haikujulikana ilikuwa ya nani.

Shevroleti ya mwaka 1934 ndiyo iliyokuwa malkia. Nyeusi, turubai la kukunja, magurudumu ya vijiti. Lakini ilipofika kwetu ilikuwa imeng'olewa vitu vingi. Wahunzi walikuwa wamevifua majembe. Sasa, Ongeri ni mtu wa Tabaka. Kabla hajajua kuendesha gari alichonga mawe kama baba yake. Basi akaenda kwao na baiskeli, akarudi na gunia la jiwe lile laini linaloitwa jiwe la sabuni, akajifungia nyuma ya nyumba mwezi mzima. Alitoka na dramu mbili za breki. Dramu ni kile kitu kama sufuria kilicho nyuma ya gurudumu. Ndani yake ndimo breki inamoshika gari lisimame. Alizipaka rangi nyeusi mara tatu, akazisugua kwa masizi na oili chafu, akazifunga kwenye magurudumu ya nyuma.

"Haya, tazama," aliniambia. "Utasema ni nini?"

"Ni chuma."

"Kikwaruze kwa kucha utajua. Lakini nani ataenda kukwaruza?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono. "Mama Jethro, hili liko kati yako na mimi."

Nilikubali. Kungekuwa na hatari gani? Gari lililo juu ya mawe halihitaji breki.

Krismasi ya mwaka 1971 Ongeri alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na ulimi pia. Tulimwekea kiti cha mbao bandani ili aone magari yake na wasafiri wanaopita. Jethro, aliyekuwa fundi katika gereji moja mjini, akaanza kuja kila Jumapili kufungua injini ya Shevroleti. "Nataka baba alisikie kabla hajafa," alisema. Mimi nilinyamaza. Nilidhani injini ile imeshanuka kama Lazaro. Nikasema moyoni, mwache mtoto acheze na spana zake, huzuni yake ipungue.

Hilo ndilo kosa langu, na silifichi.

Jumapili hiyo nilitoka jikoni na kisu cha mboga mkononi nikakuta moshi wa buluu umejaa banda. Shevroleti ilikuwa chini. Jethro alikuwa ameishusha kwenye mawe Ijumaa kabla jua halijatua, maana sisi ni watu wa Sabato, na mimi nilikuwa matangani Mosocho mpaka usiku wa kuamkia Jumapili. Sasa ilitetemeka pale penye ukingo wa barabara, jiwe moja tu likiwa limezuia gurudumu la nyuma. Kando yake alisimama Bwana Ogari, mtu wa Nyamira anayefanya kazi ofisini Nairobi. Alikuwa amekuja kwetu mara tatu. Alisema mwezi ujao wenye magari ya kale watakutana Nairobi, yale yanayotembea kwa miguu yake yenyewe.

"Likifika Suneka na kurudi," alisema siku hiyo, "naandika jina la mzee mimi mwenyewe."

Mkewe, Drusilla, alikuwa tayari ameketi kiti cha nyuma na kitambaa kichwani. Mapajani alikuwa amempakata Bitutu, binti wa Jethro, mtoto wa miaka mitano.

"Mama, umesikia?" Jethro alinipigia kelele juu ya mngurumo.

"Nimesikia. Zima kwanza wageni wanywe chai."

"Chai tutakunywa Suneka!"

Kwenye kiti chake Ongeri alikuwa akipiga ubao wa kiti kwa mkono wa kushoto. Pa, pa, pa. Mdomoni alitoa sauti, "Aa! Aa!"

"Mwone mzee anavyofurahi!" akasema Bwana Ogari. "Anatupigia ngoma."

Nilimtazama Ongeri machoni. Nimeishi na macho yale miaka thelathini na mmoja. Hayakuwa ya mtu anayefurahi.

Mbele yetu barabara iliteremka kama ngazi, udongo mwekundu wenye kokoto, mpaka kwenye kona na daraja la mbao ambalo kingo zake zilikuwa zimeoza. Nilihesabu vichwa. Jethro, Bwana Ogari, mkewe, mtoto.

"Bwana Ogari," nilisema, "hapa kwangu mgeni haondoki na koo kavu. Tangu banda hili lijengwe haijatokea. Unataka ianzie kwako?"

Akacheka, akampungia Jethro mkono, na injini ikazimwa. Nilirudi jikoni. Nilichagua kuni mbichi. Nilipanga vikombe vya bati sita, nikavifuta kimoja kimoja, nikavifuta tena. Mama yangu alinifundisha kwamba mke hamvui mumewe nguo mbele ya wageni, tena mume asiyeweza kujisemea. Nikasema, nitamwita Jethro pembeni, nimweleze, atatafuta sababu yake ya kifundi, na jina la Ongeri litabaki zima.

Nilipomimina chai nikamwita. "Jethro, njoo jikoni nikuambie neno."

"Sema hapa hapa, mama."

"Ni neno la jikoni."

"Anataka nibebe sufuria," Jethro akawaambia wageni, wakacheka. Alikuwa amelewa furaha. Mikono ilikuwa nyeusi mpaka viwikoni, na chai aliinywa amesimama.

"Breki umezitazama?" nikauliza kana kwamba nauliza habari za mvua.

"Nimezikanyaga. Zinashika kama koleo."

"Magurudumu ya nyuma umeyafungua?"

"Ah, mama! Leo umekuwa fundi? Baba alinikataza tangu zamani. Alisema nyuma ni nzima, nisipaguse."

Bwana Ogari alionyesha ubao wetu kwa kikombe chake. "Na pale imeandikwa. Kila chuma ni chake. Nimetembea sana mama, nimeona watu wakibandika bati la mkebe wakasema ni mudigadi. Mzee Ongeri hadanganyi. Ndiyo maana nimempandisha mke wangu humo."

Maneno hayo yalinifunga mdomo kabisa. Niliongeza chai, wakanywa. Nilileta ndizi, wakala. Nilipotaka kuongeza mara ya tatu Drusilla alifunika kikombe kwa kiganja. "Mama, tutapasuka," alisema. "Tukirudi."

"Basi Bitutu ashuke. Bitutu, njoo ukanichotee maji."

"Magokoro, mtungi umejaa," mtoto akanijibu mimi bibi yake kutoka kitini. "Uliujaza asubuhi, mimi nilikuona."

Walicheka wote, hata mimi nilionyesha meno.

Jethro alizungusha handeli. Mara moja tu, likawaka. Aliruka ndani akashika usukani. Bwana Ogari aliketi kando yake na kofia yake akaishika isipeperuke. Pa, pa, pa, Ongeri alipiga kiti, mate yakimtoka kwenye pembe ya mdomo.

"Mama," Jethro akaita, "tuondolee jiwe hapo nyuma!"

Mimi ndiye niliyeombwa.

Nilikwenda nikachuchumaa. Jiwe lilikuwa na joto la jua. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu yake, na mbele ya uso wangu, katikati ya vijiti vya gurudumu, ilikuwa dramu ile, nyeusi, nzuri, imeviringwa kama mwezi. Ongeri alikuwa fundi kweli. Mkono wa kulia ulikuwa na kisu cha mboga, nilichokuwa nimekatia ndizi. Juu yangu niliona viatu vya Bitutu vikining'inia nje ya mlango, vikicheza.

Nilipitisha kisu kati ya vijiti nikakwaruza. Mstari ukatokea, mweupe kama jino.

"Mama! Jiwe!"

"Zima gari, Jethro."

"Nini?"

"Zima! Shuka uje uone baba yako alichochonga."

Injini ilipozimika nilisikia kuku wangu kwenye Landrova. Jethro alipiga magoti kando yangu. Aligusa ule mstari, akaukwaruza kwa kucha, akatazama unga uliobaki kidoleni. Alileta nyundo, akagonga mara moja, wala si kwa nguvu. Dramu ilipasuka kama chungu, vipande vikaanguka mavumbini, vyeupe ndani na vyeusi nje.

Drusilla alishuka polepole, amemkumbatia Bitutu kama mtoto mchanga. Bwana Ogari alikuwa akiutazama ubao wetu.

"Ulijua," Jethro aliniambia kwa sauti ya chini.

"Nilijua."

"Na mtoto wangu alikuwa ndani."

Nikaweka kisu chini.

Lakini Ongeri hakuacha kupiga kiti. Pa, pa, pa, zaidi ya mwanzo. Nikadhani ni hasira, kwamba nimemvua nguo na sasa ananilaani kwa mkono uliobaki. Kumbe alikuwa akionyesha vipande vilivyokuwa chini. Bitutu ndiye aliyeelewa. Alijinasua kwa Drusilla, akaokota kipande kimoja, akampelekea babu yake.

Ongeri akatuashiria tumwinue. Jethro hakusogea. Tulimshika mimi na Bwana Ogari, kila mmoja bega lake, tukamburuta mpaka kwenye gari. Jiwe la Tabaka huandika kama chaki. Kwa mkono wa kushoto, mkono usiozoea kazi, Ongeri alichora msalaba kwenye dramu ya pili. Hiyo niliijua. Kisha akachora kwenye fremu ya taa. Sikuijua. Akachora kwenye kifuniko cha rejeta, kwenye kirungu cha gia, kwenye bawaba ya mlango, na kwingine tena. Kila alipochora aliniangalia mimi, si wageni.

Halafu alituvuta chini. Alianguka kwa magoti penye gurudumu la mbele, akaingiza mkono chini ya gari mpaka begani, akachora mahali ambapo hakuna msafiri ambaye angewahi kupaona. Akabaki hapo anahema.

Jethro alijilaza chali akaingia chini. Tulisubiri. Niliona miguu yake tu.

"Mama," alisema baadaye, sauti yake ikitoka kwenye vyuma.

"Naam."

"Ni kiungo cha usukani."

Alitoka na kitu kirefu kama gunzi la mahindi, kimejaa grisi. Alikishika kwa vidole vya mikono miwili na kikakatika kama muhogo. Kwenye kona ya kwanza tu usukani ungezunguka na magurudumu yasisikie. Na kama ningefaulu kumwita jikoni, kama ningemnong'oneza habari za dramu mbili na kulinda jina la nyumba, angetafuta dramu za chuma, na Jumapili iliyofuata angewapakia tena. Nami ningeondoa jiwe kwa mkono wangu, nikiwapungia.

Bwana Ogari alitoa leso akampangusa Ongeri vumbi magotini. Hakusema habari za Nairobi tena. "Mzee," alisema, "kwa nini hata huko chini kusikoonekana?" Ongeri alimtazama tu. Mimi jibu nilikuwa nalo. Hakutaka gari lake lilale na pengo.

Bitutu alizunguka gari akihesabu misalaba kwa kidole. Kumi na mmoja.

Jethro alileta jeki. "Mawe," alisema, bila kunitazama, na mimi nikayaleta yote manne, moja moja, mengine nikiyakumbatia tumboni. Shevroleti ikapanda tena mahali pake. Alipomaliza alijifuta mikono kwa majani ya mgomba, muda mrefu, kila kidole. Kisha akaokota kikombe chake cha bati chini, akakung'uta mavumbi, akaninyooshea.

"Ile chai ilibaki?"

Ilikuwa imebaki. Nikammiminia, nusu tukaimwaga.