Habari za Maji

Cherehani yangu iko barazani, na baraza yangu inatazamana na ubao wa matangazo wa kata. Kwa hiyo habari za halmashauri huwa nazipata kabla gundi haijakauka, nitake nisitake. Nimeshona magauni nikisoma tangazo la chanjo ya mbwa, nimeshona suruali nikisoma tangazo la kufungwa kwa daraja, na nimewahi kusoma tangazo la kuwakataza watu kufunga mbuzi kwenye ubao, ambalo kona yake moja ilikuwa imekwishaliwa na mbuzi.

Asubuhi hiyo walibandika habari yenye picha. Kichwa chake kilisema WAKAZI WARIDHIKA NA HUDUMA. Chini yake iliandikwa kwamba utafiti wa nyumba kwa nyumba umeonyesha wakazi wa kata yetu wanaona huduma ya maji ni nzuri, zahanati ni nzuri na barabara ni nzuri. Kutokana na hali hiyo, pampu mpya ya kisima, ambayo ilikuwa ije kwenye zahanati yetu, itapelekwa kata ya barabara kuu, ambako wakazi wana malalamiko mengi. Mkurugenzi mwenyewe angekuja kutukabidhi cheti cha wakazi wa mfano.

Nilisoma mpaka mwisho mguu wangu ukiwa bado kwenye pedali. Nilipotazama chini, nilikuwa nimeshona mkono wa shati la mteja pamoja na mfuko wake.

Nilikwenda nalo hivyo hivyo mpaka zahanati. Muuguzi wetu alikuwa amechuchumaa uani akichuja maji ya machimbo kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kisima cha zahanati kilikuwa hapo hapo nyuma yake, pampu yake imekufa tangu mavuno yaliyopita.

"Umesoma?" nikamuuliza.

"Nimesoma, dada. Na mimi nimeshawaandikia. Bila pampu, mwisho wa mwezi nakifunga chumba cha kuzalishia. Siwezi kumpokea mtoto kwa maji haya halafu nimwangalie mama yake usoni. Wajawazito wote waende wilayani."

Hakuhitaji kunieleza wilayani ni wapi. Binti yangu alikuwa na mimba kubwa, mwezi wake ulikuwa unakaribia, na mimba yake ya kwanza tulikuwa tumekwenda nayo huko huko wilayani. Hatukufika. Alijifungulia darajani, nyuma ya pikipiki iliyozimika, na yule mtoto tulimzika kabla hajapewa jina. Watu waliniambia nishukuru mama mtu amepona. Nilishukuru, lakini siku hiyo nilijiapiza kwamba binti yangu hatapita tena njia ile akiwa na uchungu.

Nyumbani nilimkuta mama yangu anachambua kunde. Nilimjua vizuri yule kijana aliyekuja kufanya utafiti. Mtaa mzima ulikuwa umempa jina la Kishikwambi, maana kile kioo chake cha kujazia majibu hakikumtoka mkononi. Siku aliyopita mimi nilikuwa nimekwenda kununua nyuzi, na namshukuru Mungu sikuwepo, kwa sababu na mimi ulimi wangu umelelewa nyumba hii hii.

"Mama, yule Kishikwambi alikuuliza nini?"

"Aliniamkia. Ana adabu yule mtoto, kanipa shikamoo yangu kamili. Halafu akaniuliza, bibi, habari za maji? Nikamwambia nzuri."

"Nzuri, mama? Na mgongo umepinda kwa madumu?"

"Sasa ulitaka nimwambieje mtu amesimama mlangoni? Mgeni hata hajakaa, nimtupie matatizo usoni? Kwanza unasema nzuri. Akishakaa, akishapumua, ndiyo unasema ila. Yeye hakukaa. Kauliza habari za zahanati, nzuri. Habari za barabara, nzuri. Kila nikijibu anabonyeza kile kioo chake. Nageuka nimchukulie kigoda, kumbe ameshafika kwa jirani."

Nilicheka, ingawa nilikuwa nataka kulia. Ndivyo tulivyo. Mtu anaweza kuwa amefiwa alfajiri, ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu nzuri, kisha atavuta pumzi aseme, ila baba hatunaye. Kila mtu anajua kwamba lile la kwanza ni salamu na habari zenyewe zinafuata. Kishikwambi naye anajua, kwani kalelewa na nani? Lakini halmashauri ilimpa visanduku viwili tu, cha nzuri na cha mbaya, na kisanduku cha ila hakuna aliyekumbuka kukiweka.

Nikazunguka nyumba baada ya nyumba. Kote ni yale yale. Kinyozi alisema nzuri. Mama muuza mkaa alisema nzuri, tena akaongeza tunashukuru. Shemeji yangu mwenye mashine ya kusaga alisema nzuri sana, kwa sababu, anavyodai, mashine ilikuwa inapiga kelele na hakutaka mazungumzo marefu. Kata nzima ilikuwa imejinyonga kwa adabu yake yenyewe.

Basi nikawapa mpango. "Mkurugenzi akija, akisema hamjambo, nyamazeni. Akisema habari za hapa, nyamazeni. Atashtuka, atauliza kuna nini, hapo tutamwambia."

"Shemeji," akasema mwenye mashine, "kunyamazia salamu ni ugomvi."

"Ndiyo. Ni ugomvi."

"Na mgeni anatoka mbali."

"Pampu inakwenda mbali zaidi."

Wakakubali, kwa shingo upande. Mama yangu peke yake alitikisa kichwa, akasema mimi tangu utoto nina haraka na ndiyo maana nguo zangu za kwanza zote zilikuwa na mikono mifupi.

Siku ya mkutano tulijaa uwanja wa shule. Mkurugenzi alishuka kwenye gari na suti ya kijivu, cheti kikiwa kwenye fremu chini ya kwapa, na Kishikwambi nyuma yake akipiga picha. Akasimama mbele yetu, akatabasamu.

"Wananchi, hamjambo?"

Kimya. Nilisikia moyo wangu ukipanda kwa furaha. Mkurugenzi akakohoa. Kimya kikaendelea, watu wakaanza kutazama viatu vyao, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti kwa nini watu hawamjibu baba wa watu. Hapo shemeji yangu akashindwa. Alitoa hatujambo iliyotoka kifuani kwa uchungu, na uwanja mzima ukamfuata kwa shangwe, kama watu waliofunguliwa kamba.

"Habari za hapa?"

"Nzuriii."

Nilitamani ardhi ipasuke, si inimeze mimi, iwameze wao. Mkurugenzi akanyanyua fremu juu ili ipigwe picha. Akasema hajapata kuona kata yenye watu wenye shukrani kiasi hiki, na kwamba wengine waige mfano wetu.

Ndipo mama yangu akatoka kwenye kundi amebeba kigoda chake. Alitembea taratibu mpaka mbele, akakiweka nyuma ya magoti ya Mkurugenzi.

"Kaa, baba."

"Asante, bibi, ila nina haraka kidogo."

"Kaa. Hiyo ilikuwa salamu. Sasa tunakupa habari."

Nani atakataa kigoda cha bibi kizee mbele za watu? Akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yake yakafika kwenye tai. Mama akabaki amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Ila," akasema mama, "maji hatuna. Tunachota machimboni pamoja na ng'ombe, na ng'ombe ndio wanaotangulia."

Baada ya hapo hakukuwa na mpango wangu wala wa mtu yeyote. Muuza mkaa alisema, ila mvua ikinyesha barabara haipitiki. Kinyozi alisema, ila mke wangu naye ni mjamzito. Shemeji, ambaye kumbe koo lake linaweza kusema jambo la maana, alisema, ila watoto wanaharisha kila msimu na unga ninaosaga unakorogwa kwa maji ya matope. Muuguzi alisimama na kile kitambaa chake, akakikunjua, akakitandika kwenye mapaja ya Mkurugenzi.

Mwisho alisimama binti yangu. Yeye si msemaji. Alishika tumbo kwa chini, akasema, "Ila mwanangu wa kwanza alifia darajani."

Mimi niliinamisha uso, kwa sababu neno hilo hakuwahi kulitamka hata kwangu mimi mama yake.

Mkurugenzi alisimama akajipangusa suruali kwa nyuma. "Tumeyapokea," akasema. "Tutayafanyia kazi." Akaniletea mimi ile fremu, labda kwa sababu nilikuwa karibu, labda kwa sababu nilikuwa nalia na akadhani ni shukrani. Nilimfuata mpaka kwenye gari, nikairudisha kupitia dirishani, ikamwangukia mapajani. "Wapelekee hao wenye pampu," nikamwambia.

Tukasubiri. Tulijua wakubwa hawakurupuki. Kisha asubuhi moja nikaona gundi mbichi kwenye ubao. MKUTANO WAFANA, WAKAZI WAMPA MKURUGENZI KITI CHA HESHIMA. Picha ilikuwa nzuri, lazima niseme ukweli. Mkurugenzi kakaa, mama yangu kasimama mbele yake kama anamtunza. Hakuna ila hata moja iliyoandikwa. Na chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani, tangazo kwamba huduma ya kujifungua katika zahanati yetu imesitishwa, na wajawazito wanashauriwa kwenda wilayani mapema.

Watu husema maji yamefika shingoni. Kwetu sisi hata hayo ya kufika shingoni hayakuwepo. Niliubandua ule ubao mzima kwenye nguzo zake kwa nyundo ya shemeji, na sikuona haya, hata mbele ya wateja.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama barazani. Ana mkeka kwapani na furushi la nguo za mtoto mkononi, zile nilizomshonea.

"Mama, pale halmashauri kuna maji?"

"Yapo. Wanamwagilia majani nayo."

"Basi mimi nakwenda kujifungulia pale."

Nilidhani anatania. Alikuwa tayari amekwisha kuongea na mke wa kinyozi, na mke wa kinyozi amekwisha kuongea na mwalimu wa chekechea, ambaye naye alikuwa na la kwake tumboni. Nilimtazama mwanangu nikaona ana uso wa mama yangu kabisa, ule wa kigoda. Shemeji aliondoa magunia kwenye lori lake, akatandika turubai, akaendesha polepole mpaka tukalivuka daraja, safari hii kabla uchungu haujaanza. Muuguzi alipanda na sanduku lake. Mama yangu alipanda mbele, hakuuliza mtu.

Kwenye mapokezi ya halmashauri kuna benchi refu, feni, na bango linalosema huduma bora ni haki yako. Sakafu ilikuwa bado mbichi kwa kudekiwa. Uani mpira wa maji ulikuwa unatiririka peke yake kwenye maua, hakuna aliyeushika. Karani alitutazama tulivyoingia mmoja mmoja, matumbo yakitangulia, akachukua kalamu.

"Mnahitaji huduma gani?"

"Kujifungua," akasema binti yangu.

Karani akaiweka kalamu chini taratibu, akainuka, akapotea kwenye korido. Mlango mmoja ukafunguka, wa pili ukafunguka, watu wakaanza kuchungulia. Mke wa kinyozi alikuwa amekaa kwenye benchi anajipepea kwa fomu za vibali. Mwalimu alikwenda uani, akakinga maji ya mpira kwenye kiganja, akayatazama, akanawa uso, akarudi akilia na kucheka.

Mkurugenzi akatoka amevaa suti ile ile. Hakuuliza habari za mtu.

"Mama zangu, hapa ni ofisi. Hapa si mahali pa kuzalia."

"Kwetu napo si mahali pa kuzalia," binti yangu akasema. "Umeandika wewe mwenyewe. Tofauti ni kwamba hapa kuna maji."

Mkurugenzi alimtazama muuguzi, na muuguzi alikuwa amepiga magoti anafungua sanduku na kupanga glavu zake juu ya meza ya wageni. Aliwatazama watu wake waliojaa kwenye korido, na kila mmoja aliyemtazama aliangalia pembeni. Akashusha sauti.

"Pampu bado iko stoo. Haijaondoka. Nitasaini leo, mafundi watakuja nayo kesho. Nendeni nyumbani mkapumzike."

Binti yangu alikunjua mkeka katikati ya mapokezi, akaliweka furushi upande wa kichwani, akajilaza kwa ubavu huku anahema.

"Basi kesho tutaondoka nayo," akasema.

Nikakaa sakafuni kando yake, nikamvua viatu.