Utando wa Kahawia Kwenye Kioo

Ninyi mnaowasimamia watoto hata kwenye kazi msizozijua, kaeni niwaambie ya mama mmoja, msafi wa kupitiliza.

Binti yake alipata kazi ya kutunza tangi la samaki wa maji ya chumvi kwa daktari wa meno. Tangi lilikuwa jipya, limewekwa wanapokaa wagonjwa, watazame samaki wasahau jino. Binti alikuwa bado anajaribiwa: samaki wakiishi, kazi ni yake.

Siku mama alipokwenda kung'olewa gego, roho ilimruka. Mchanga mweupe umegeuka rangi ya chai, kioo kimeshika utando wa kahawia.

"We mtoto, ndiyo kazi hii? Mbona kama sufuria iliyoungua?"

"Mwani huo, mama. Tangi changa huota." Binti akapangusa kioo kwa kidole, utando ukatoka kama vumbi. "Ungekuwa unateleza na kuvutika kama kamasi, ningeogopa. Huu umeletwa na maji ya bomba tuliyoanzia. Sasa natia yaliyochujwa, nafuta kidogo kidogo. Utaisha wenyewe."

"Utaisha wenyewe! Siku hizi uvivu nao una maelezo."

Mgonjwa mmoja, shavu limemvimba, akadakia: "Kama tangi ndiyo hivi, koleo za daktari zikoje?"

Benchi zima likacheka. Mama akaona limechekwa tumbo lililozaa.

Tangu hapo binti hakupumua. Akila, anasemwa. Akilala, anasemwa. "Watu watasema sikukulea!" Alijibu mpaka majibu yakamwishia.

Asubuhi moja akawahamishia samaki ndooni, akasugua kila kitu chini ya bomba: mchanga, mawe, hadi sponji ya chujio, kama alivyofunzwa kuosha vyombo. Alijua vijidudu vinavyomaliza uchafu wa samaki vinakaa humo humo. Alijua, na akasugua. Kisha akajaza tangi maji mapya ya chumvi, akawarudisha samaki.

Siku mbili baadaye, mama alipokuja kutazamwa kidonda cha jino, kioo kilimeremeta. "Si nilikwambia?" akasema, akatafuta pa kukaa watu wamwone.

Lakini samaki walikuwa juu wanatweta. Mavi yao wenyewe yalikuwa yamegeuka sumu, na hakuna cha kuyamaliza. Mmoja akalala ubavu, na mwingine, wagonjwa wakitazama. Daktari akatoka na glavu zake.

"Nani kakwambia uoshe kila kitu?"

Binti akamtazama mama yake. Kidonda kilishapona, mdomo ulikuwa mzima kabisa. Mama akaufumba, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Mimi mwenyewe," binti akasema.

Alifukuzwa siku ile ile. Nyumbani hakulalamika, wala sahani hakuipiga chini. Ingekuwa afadhali.

Sasa ana kazi nyingine, ya matangi vile vile, na nasikia anasifiwa. Ni wapi, mama hajui. Akiuliza, hujibiwa kwa adabu zote:

"Ni huko tu, mama. Mbali kidogo."